Usahaulifu wa Saa Sita

Mali nyingi mtu huzifungia kwa kufuli, au huzikabidhi kwa mlinzi, au huziandikia hati. Mali moja tu hukaa nayo pasipo mlinzi wala hati, nayo ni kumbukumbu. Hulala nayo, huamka nayo, wala haimpitikii kuihesabu asubuhi kama ahesabuvyo kuku wake. Naandika maneno haya kwa sababu niliona kwa macho yangu siku ambayo mama yangu mzazi aliamka mzima, akaenda mtoni, akarudi akiwa hana uwezo wa kushika neno moja kwa muda wa dakika tatu. Na kabla ya jua kuchwa alikuwa amerudia hali yake. Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Walakini kilitosha kumtia hatarini mtu asiye na kosa, na kilitosha pia kunionyesha mimi, niliyejihesabu katika watu wa elimu, kiasi cha ujinga uliokuwa umebaki ndani yangu.

Kwetu ni Isongole, katika Wilaya ya Ileje, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Kabla ya hapo ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Ng'ambo yetu ni Malawi, na mji ulio jirani upande ule ni Chitipa. Walambya wako pande zote mbili. Huoana, huzikana na kuuziana mahindi kana kwamba hapana mpaka. Mto Songwe ulifanywa mpaka kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai, 1890, na watu waliokunywa maji yake hawakuulizwa neno. Huko chini, katika tambarare za Kyela, mto huo una tabia ya kuhama njia yake, hata shamba la mtu likaweza kulala upande huu na kuamka upande wa pili. Basi habari za mipaka si ngeni kwetu. Mama yangu naye alikuwa na gomvi lake dogo la mpaka, na gomvi hilo ndilo lililotaka kuufanya ugonjwa wa siku moja kuwa msiba wa maisha.

Kati ya kahawa zetu na migomba ya jirani yetu, bibi mmoja mjane aliyemzidi mama umri, palikuwa na ukanda wa ardhi wenye upana wa hatua kumi na nne. Baba yangu alipokuwa hai alisema ukanda ule ni wetu. Marehemu mume wa bibi yule alisema ni wao. Wanaume wawili hao walikwenda kaburini kila mmoja na neno lake, wakawaachia wake zao ugomvi kama watu waachiavyo watoto deni. Wanawake hawa hawakupigana wala kutukanana. Walisalimiana njiani, wakasaidiana katika misiba, lakini kila mwaka wakati wa kulima ulipofika, nyuso zao zilibadilika.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali ya milima yetu, bibi yule alikuja nyumbani kwa mama kabla ya jua kupanda. Mimi nilikuwa likizoni, nimelala chumba cha nje. Nilisikia sauti zao kwa mbali, na mara moja nikasikia kama mtu analia, lakini usingizi wa alfajiri ni mtamu na sikutoka. Yule bibi alikwenda zake. Mama akachukua ndoo na nguo, akashuka kijitoni, akafua na kuoga katika maji yale yaumizayo mifupa, kisha akajitwika ndoo iliyojaa akapanda mlima. Yapata saa tatu aliingia uani, akaitua ndoo, akayatazama mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai, akaniuliza: "Mwanangu, nani ameanika mahindi haya?"

Nilimjibu kuwa ameyaanika yeye mwenyewe jana. Akasema, "Ndiyo." Akakaa. Haukupita muda wa kumaliza kikombe cha chai akanitazama tena, kwa uso ule ule na sauti ile ile, akauliza: "Mwanangu, nani ameanika mahindi haya?" Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Alipouliza mara ya tano sikucheka. Alipouliza mara ya kumi nilihisi kama ardhi inaniponyoka chini ya miguu.

Ajabu yake ni kwamba hakupotewa na kitu kingine. Alinijua mimi kwa jina, akawajua wajukuu wote, akalitaja jina lake na la baba yake. Alikwenda jikoni akawasha moto na kupika chai bila ya kukosea kipimo cha sukari. Mtoto alipoletwa na noti kutoka dukani alihesabu chenji sawasawa. Maneno yake hayakukwama, mkono wake haukulegea, mdomo wake haukupinda. Alikuwa mtu kamili aliyekatiwa kitu kimoja tu: kila jambo jipya lililoingia kichwani mwake lilitoka kama maji katika tenga. Hakujua kuwa ni siku gani, wala hakukumbuka kwamba amekwenda mtoni, ingawa nguo zake zilikuwa bado zinachuruzika maji. Naye mwenyewe alijua kuwa pana kasoro. Macho yake yalijaa hofu, akasema, "Nina nini mimi?" Nikamweleza. Akatulia. Kisha akaisahau hofu pamoja na maelezo, akauliza habari ya mahindi.

Watu wakajaa uani. Mmoja alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Mwingine akasema ni kiharusi. Wa tatu, ambaye alisema kwa sauti ndogo na kwa hiyo akasikiwa na wote, aliuliza ni nani aliyekuja hapa alfajiri. Mtoto mmoja akamtaja yule bibi. Pakawa kimya, na katika kimya kile niliona shauri likizaliwa.

Zahanati walimpima malaria wasiione; wakapima sukari na shinikizo la damu, yote yakawa ya kawaida. Mhudumu, kijana mwenye busara, alisema hana la kufanya zaidi, tumpeleke Mbeya haraka, maana kiharusi hakingoji. Tulipata gari saa nane. Tukaifuata barabara ya lami mpaka Mpemba, tukaingia barabara kuu itokayo Tunduma, katikati ya malori ya mizigo. Njia nzima mama aliniuliza tunakwenda wapi, nami nikamjibu, hata nikachoka kwa koo na kwa moyo. Tulipokaribia Vwawa, yapata saa tisa, niligundua kwamba kwa kitambo hajauliza. Nilimtazama. Alikuwa akisoma vibao vya njiani. Akasema polepole, "Ulisema tunakwenda Mbeya hospitali. Kwa nini?" Nililia pale garini kama mtoto mdogo, maana neno "ulisema" lilikuwa neno la kwanza kukaa.

Jioni ile alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Hii ni mashine izungushayo eksirei na kuyakusanya mapitio yake katika hesabu mpaka yakawa picha ya vipande vya ndani. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa njia hii London, mwaka 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Na hesabu zake zilikuwa zimekwisha fikiriwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mashine hiyo ni hodari wa kuonyesha damu iliyovuja na uvimbe mkubwa. Kwa mama haikuonyesha kitu. Tabibu alisema hapana damu, hapana uvimbe, na huo ulikuwa ujumbe wa heri.

Lakini ujumbe wa heri ukisafirishwa hubadilika njiani. Nilipopiga simu nyumbani nikasema picha haikuonyesha kitu, ndugu zangu waliyapokea maneno hayo kwa maana nyingine. Kama mashine haikuona kitu, walisema, basi kilichompata si cha hospitali. Tena habari mpya ilikuwa imezuka. Bibi yule, aliposikia ugonjwa wa mama, alikuja kutoa pole, akaeleza kwa unyofu wake kwamba alfajiri ile walikuwa wamepatana juu ya ukanda ule: ya kwamba mpaka uwe kwenye mti wa mpera, na sehemu kubwa iwe yake, kwamba walishikana mikono na kulia. Ndugu zangu waliniambia nimwulize mama. Nilimwuliza. Mama alikumbuka jana yake yote, lakini tangu alipolala usiku mpaka tulipofika karibu na Vwawa hakuwa na kitu. Akasema, "Sijapatana na mtu."

Hapo hoja ikakamilika kwao. Mwanamke amekuja gizani. Baada ya saa chache akili ya mwenziwe imefungwa. Kisha anajitokeza kudai ardhi kwa mapatano ambayo hapana ayajuaye ila yeye. Ndugu yangu mmoja aliniambia kuwa vijana wako tayari kwenda kwake usiku wa kesho "kumwuliza." Katika sehemu zetu, kama katika sehemu nyingi za nchi hii, kila mtu anajua namna bibi vizee wanavyoulizwa usiku. Sina budi kukiri hapa jambo ambalo ningependa kulisahau. Sikumkataza. Nilisema, "Ulizeni, lakini kwa upole." Nilijua, nilipokuwa nikiyatamka maneno hayo, kwamba upole hauendi na vijana na usiku na fimbo. Lakini nilikuwa na hofu na hasira, na hasira ilitaka mahali pa kukaa.

Siku ya pili tabibu mwingine, mwanamke mtulivu wa maneno, aliniita akaniuliza kisa chote tangu mwanzo. Aliuliza kama mama alianguka au kujipiga kichwa, nikasema la. Aliuliza kama alizimia, au kutupa mikono, au kupotewa na jina lake, nikasema la. Aliuliza kama palikuwa na mtu aliyeona mwanzo wa hali ile, nikasema mimi mwenyewe. Ndipo akanieleza kwamba maradhi haya yana jina na historia. Mwaka 1956 yalielezwa na tabibu Bender huko Marekani, na mwaka huo huo na Guyotat na Courjon huko Ufaransa. Mwaka 1958 Fisher na Adams waliyapa jina ambalo kwa lugha yetu laweza kuitwa usahaulifu wa jumla upitao. Mwaka 1990 Hodges na Warlow waliweka masharti ya kuyatambua: pawe na shahidi, mgonjwa ashindwe kushika mambo mapya, asipotewe na fahamu wala na nafsi yake, asiwe ameumia kichwa wala hana kifafa, na hali iishe katika muda wa saa 24. Huwapata zaidi watu wa umri wa miaka 50 mpaka 70. Aghalabu hutanguliwa na jambo moja katika machache: kuingia katika maji baridi, kunyanyua mzigo mzito, maumivu, au msukosuko mkubwa wa moyo.

Nilipoyasikia hayo, nilimwona mama katika kijito cha Juni, nikaona ndoo juu ya kichwa chake. Nikakumbuka pia sauti ya mtu aliyekuwa akilia alfajiri. Kwa mara ya kwanza ilinijia kwamba huenda yule bibi alisema kweli, na kwamba kweli ile yenyewe, kwa uzito wake juu ya moyo wa mama, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoufunga mlango.

Niliuliza mbona picha haikuonyesha kitu. Akajibu kwamba tumetazama kwa jicho lisilofaa, na tumetazama mapema mno. Alitaka mama apigwe picha ya pili, kwa mashine ya sumaku iitwayo MRI, lakini si siku ile: kesho yake, zitakapokuwa zimetimia saa 48.

Msomaji aniwie radhi nikieleza kidogo, maana jambo hili ndilo kiini cha kisa. Mwili wetu umejaa maji, na katika kila chembe ya maji mna haidrojeni. Sumaku yenye nguvu huvipanga viini vya haidrojeni. Mawimbi ya redio huvitikisa. Navyo vikirejea mahali pake hutoa ishara ambayo mashine huigeuza kuwa picha. Paul Lauterbur alionyesha njia ya kupata picha hizo mwaka 1973, na pamoja na Peter Mansfield alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Katika miaka ya 1980 Mfaransa Denis Le Bihan alifungua njia ya kupima si maji tu, bali mwendo wa maji. Ndani ya ubongo mzima maji hutembea kwa uhuru wa kiasi. Mahali palipoudhika, seli hujaa na kuvimba, na maji hayapati nafasi ya kutembea. Basi mahali hapo hung'aa katika picha kama nyota.

Katika ubongo wa kila mtu, upande wa kulia na wa kushoto, ndani kabisa, pana kiungo kilichopindika kiitwacho hipokampasi. Jina hilo alikipa Arantius wa Italia katika karne ya 16, kwa kuwa alikiona kinafanana na yule samaki mdogo aitwaye farasi wa baharini. Kazi yake kubwa ilidhihirika kwa msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953 kijana wa Marekani, Henry Molaison, mwenye umri wa miaka 27, alipasuliwa ili aponywe kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya viungo hivyo pande zote mbili. Kifafa chake kilipungua, lakini tangu siku ile mpaka alipokufa mwaka 2008 hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya mambo yaliyompata. Brenda Milner alimchunguza kwa miaka mingi, naye kila alipoingia ilimlazimu kujijulisha upya. Mlango uliofungwa kwa Molaison muda wa miaka 55 ndio uliofungwa kwa mama yangu muda wa saa sita.

Katika hipokampasi mna sehemu moja iliyo nyepesi kudhurika kuliko jirani zake, na katika ugonjwa huu sehemu hiyo ndiyo huonyesha alama: doa moja au machache, lenye upana wa milimita moja mpaka tatu hivi. Mwaka 2004 wachunguzi wa Ujerumani walitangaza kwamba waliwapiga picha wagonjwa 31 mara kadhaa. Katika saa za mwanzo, wagonjwa wawili tu walikuwa na doa. Kufikia siku ya pili, wagonjwa 26 walikuwa nalo. Baada ya majuma machache doa hufutika, pasibaki hata kovu. Ni shahidi wa namna ya pekee: hayupo wakati wa tukio, huja kesho yake, hukaa siku chache, kisha huondoka asionekane tena.

Siku ya tatu asubuhi mama alilazwa ndani ya mashine ile yenye kelele za nyundo. Alitoka akilalamika kwamba wamemtia katika pipa. Adhuhuri tabibu aliniita mbele ya kioo cha picha. Ubongo wa mama ulikuwa wa kijivu, umetulia. Akaweka ncha ya kalamu upande wa kushoto, nami nikaona doa jeupe, moja tu, lenye ukubwa wa punje ya ulezi.

Nililitazama kwa muda mrefu. Sisi watu wa Ileje twaujua ulezi. Punje moja ikianguka sakafuni hapana ainamaye kuiokota. Punje kama hiyo ilikuwa imebeba asubuhi nzima ya maisha ya mtu na mapatano ya miaka mingi. Nilitoka mbio nje nikapiga simu. Nilipiga mara tatu kabla ndugu yangu hajapokea. Akaniambia kwamba vijana walikwenda usiku uliopita, lakini yule bibi hakuwamo. Alikuwa amelala kwa binti yake, kwa kuwa mjukuu alikuwa na homa. Walivunja mlango wake, wakavunja vyungu, wakarudi. Walikusudia kwenda tena. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, kwamba mtu yeyote atakayekwenda itampasa kwanza anipitie mimi. Kwamba mama ameugua maradhi yenye jina, nami nimeyaona kwa macho. Homa ya mtoto mdogo ilifanya usiku ule kazi ambayo ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya faida ya picha ile. Haikumletea mama dawa, kwa sababu maradhi yenyewe hayana dawa wala hayahitaji; huja yakaenda, na walio wengi hayawarudii. Tuliuza ng'ombe kwa ajili ya safari na matibabu, na baadhi ya jamaa walisema tumenunua karatasi. Walakini ujuzi hata pasipo dawa ni faida. Mfano mkubwa uko ng'ambo ya mto wetu. Huko Blantyre, nchini Malawi, mashine ya MRI iliwekwa mwaka 2008, na tabibu Terrie Taylor na wenzake wakaitumia kuwapiga picha watoto waliopoteza fahamu kwa malaria. Mwaka 2015 walitangaza habari za watoto 168. Watoto 25 walikufa, na katika hao 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana tangu walipofikishwa hospitali. Kwa miaka mingi watu walibishana ni nini kinachowaua watoto hao. Picha ilionyesha njia ambayo mauti yalipita, na mtu aijuaye njia ya adui aweza kuanza kujenga boma. Tena mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, iliunganishwa mashine ndogo ya MRI yenye sumaku dhaifu, kwa kusudi la kuwafaa watu wasioweza gharama za mashine kubwa. Sumaku dhaifu haioni punje ya ulezi. Lakini ni mwanzo, na kila barabara ya lami ilikuwa kwanza njia ya miguu.

Hata hivyo nina onyo, nalo najipa mwenyewe kwanza. Nilipoliona doa nilisema moyoni: sasa yule bibi hana kosa. Baadaye usingizi ulinipaa nikifikiri neno hilo. Katika wagonjwa 31 wa Ujerumani, wako watano ambao doa halikuonekana, na ugonjwa wao ulikuwa ule ule. Je, mama yangu angalikuwa miongoni mwa hao watano, bibi yule angalikuwa mchawi? Kama tungalichelewa majuma mawili, na doa likawa limekwisha futika, angalikuwa mwongo? Wataalamu wenyewe hawajapatana bado juu ya chanzo cha maradhi haya: wako wanaotaja mishipa iletayo damu, wako wanaotaja mishipa iirudishayo, na wako wanaoyafananisha na kipandauso. Basi mtu aliyetoka kwa mpiga ramli akaenda mbele ya mashine kuuliza swali lile lile, "Nani mkosa?", amebadili nyumba tu, hajabadili dini. Mashine hujibu mahali palipoudhika. Haijibu nani alisema kweli alfajiri chini ya mpera.

Swali hilo lilijibiwa na mama. Tulirudi Isongole siku ya nne. Nilikuwa nimemweleza yote njiani: doa, mapatano, vijana, mlango. Alinyamaza toka Mlowo mpaka Mpemba. Tulipofika hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, mimi nikimfuata. Bibi yule alikuwa ameketi kizingitini, mlango umeegemezwa ukutani. Mama akakaa chini mbele yake, akasema: "Dada, watu wananiambia nilikuahidi. Mimi sikumbuki, wala sitakumbuka. Tabibu amesema asubuhi ile haitarudi. Lakini nakukumbuka wewe miaka arobaini, na katika miaka arobaini hujapata kunidanganya. Basi nieleze nilichosema, nami nitakishika."

Yule bibi akaeleza. Aliyarudia maneno ya mama moja moja, hata mahali alipokohoa. Mama alisikiliza kama msichana anayesimuliwa habari za kuzaliwa kwake. Ilipofika habari ya kulia, aliuliza, "Tulilia sote wawili?" Akajibiwa, "Wewe ulianza." Mama akacheka, naye mwenziwe akacheka, na kicheko hicho kilinichoma mimi niliyesimama pembeni.

Nilidhani hapo kwanza kwamba mama alifanya jambo la hatari. Mtu apokeapo kutoka kwa mwingine asubuhi yake mwenyewe, amejiweka mikononi mwake kabisa. Lakini nimeona kuwa sote tumo katika hali hiyo. Miaka yetu ya kwanza duniani twaijua kwa vinywa vya wazazi; na wazee wetu, wakifikia kupotewa, huishi katika kumbukumbu za watoto. Hapana mtu aliyejiwekea maisha yake yote peke yake. Tofauti ya mama ni kwamba alilijua jambo hilo siku moja, akachagua kwa akili timamu nani wa kumwekea amana.

Nami nilipiga magoti, nikaeleza neno langu la kwenye simu. Ningaliweza kulificha, ndugu yangu hakumwambia mtu. Bibi yule alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, mama yako alisahau, na mtu aliyesahau hana deni. Wewe hukusahau kitu. Ulinikumbuka vizuri, nilivyokubeba ukiwa mdogo, ukasema waje."

Sikuwa na jibu. Kesho yake asubuhi nilimtengenezea mlango mpya, nikanunua vyungu. Kisha mama na yeye wakanionyesha mahali, nami nikapanda migomba kwa mstari mmoja kutoka kwenye mpera mpaka ukingoni mwa kijito. Imeshika vizuri. Doa katika ubongo wa mama limekwisha kufutika zamani, na hapana picha iwezayo kulionyesha tena.